Kodi ya Kweli na Kodi ya Uzushi: Mafundisho Machache Kutoka Katika Historia



Juma lililopita, baada ya Misa ya kwanza, bibi mmoja wa parokia yetu alinisubiri mlangoni mwa sakristia. Baada ya kusalimiana aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama: “Baba Paroko, ni kweli Serikali imeanza kutoza kodi ya kuku, kila kichwa kwa bei yake?” Nikamwuliza habari hizo amezipata wapi. Akasema mjukuu wake alimsomea ujumbe ulioingia katika simu, nao ulikuwa na nembo na maneno mazito ya kisheria. Nilikuwa karibu kucheka. Ndipo akaongeza kwamba siku ileile alipita mchuuzi, naye bibi akamwuzia kuku wake wote kumi na wanne kwa nusu ya bei, akiona heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kicheko kiliniishia kooni. Kodi ile haikuwepo, lakini hasara ya bibi ilikuwepo, na banda lake sasa ni tupu. Nikaenda nyumbani nikijiuliza swali ambalo ningependa tulitafakari pamoja leo: mtu wa kawaida, asiye mwanasheria wala karani wa hazina, atatambuaje kodi ya kweli na kodi ya uzushi?

Jawabu la haraka, na ndilo lililonijia kwanza, ni hili: tazama kama jambo lina akili. Likiwa la kipuuzi, ni uongo. Nasikitika kuwaambieni, ndugu zangu, kwamba historia haikubaliani na jawabu hilo hata kidogo.

Tuanze na Roma ya kale. Kaisari Vespasiano, aliyetawala tangu mwaka 69 hadi 79, aliikuta hazina ya dola imekauka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Miongoni mwa njia alizobuni ni kodi ya mkojo. Naam, mkojo. Mafundi wa kufua na kusafisha nguo za sufu waliutumia katika kazi yao, wakaukusanya kutoka vyoo vya mjini, na Kaisari akaona hapo pana chochote cha kuchumwa. Mwanahistoria Suetonio, aliyeandika miongo michache baadaye, anasimulia kwamba Tito, mwana wa Kaisari, aliona aibu na kumlalamikia baba yake. Baba akamsogezea puani sarafu ya malipo ya kwanza, akamwuliza kama inanuka. Tito akakiri kwamba hainuki. Hadi karne ya ishirini Wafaransa waliviita vyoo vya barabarani kwa jina la Kaisari huyo.

Tito huyu ndiye aliyeuangamiza mji wa Yerusalemu mwaka 70. Hapa tunakutana na kodi nyingine ambayo ingalionekana kuwa mzaha mchungu kama tusingalikuwa na ushahidi wake. Mnakumbuka katika Injili ya Mathayo watoza kodi ya Hekalu wanamjia Petro, naye Bwana anamtuma kwenda kuvua samaki. Kodi ile ilikuwa drakma mbili kwa kila mwanamume Myahudi, kwa ajili ya Hekalu la Mungu. Hekalu lilipoteketezwa, mtu angetarajia kodi yake ife pamoja nalo. Haikufa. Vespasiano aliamuru iendelee kulipwa, ila sasa fedha ziende kwa ajili ya hekalu la Jupita kule Roma, na hata wanawake na watoto wakaingizwa humo. Hebu fikirini: Myahudi analipa kwa mungu wa kigeni fedha ileile aliyokuwa akimtolea Mungu wa baba zake! Je, tunajuaje kwamba si porojo? Tunajua kwa sababu huko Edfu, katika Misri, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua stakabadhi za kodi hiyo. Zimeandikwa juu ya vigae vya vyungu vilivyovunjika, kila kimoja na jina la mlipaji na kiasi alicholipa. Na mwaka 96 Kaisari Nerva alitoa sarafu zenye maandishi ya kutangaza kwamba dhuluma ya mashitaka ya uongo katika kodi hiyo imeondolewa. Kumbe hata wakati ule kodi ya kweli ilikuwa imeota juu yake kuvu la uongo: watu walisingiziwa kuwa wakwepaji ili wanyang'anywe mali.

Twende Urusi. Tsari Petro Mkuu aliporudi kutoka safari yake ya Ulaya Magharibi mwaka 1698, alitaka wakuu wake wafanane na watu wa huko, akaanza kuwanyoa ndevu kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1705 akatoa amri rasmi: anayetaka kubaki na ndevu alipe. Wafanyabiashara wakubwa walitakiwa kulipa rubli 100 kwa mwaka, na wengine kiasi cha chini yake kwa kadiri ya daraja zao. Mkulima aliachwa na ndevu zake kijijini, lakini alitozwa kopeki moja kila alipopita lango la mji. Aliyelipa alipewa kipande cha chuma chenye picha ya pua, masharubu na ndevu, ili akionyeshe kwa askari. Kwa Waorthodoksi wengi wa nchi ile jambo hili halikuwa la kuchekesha, kwa maana waliona ndevu kuwa sehemu ya mfano wa Mungu katika mwanadamu. Kodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1772, na vile vipande vya chuma vimo katika majumba ya makumbusho hata leo.

Uingereza nayo, tangu mwaka 1696 hadi 1851, ilitoza kodi ya madirisha. Kila nyumba ililipa kiasi cha msingi, na iliyozidi madirisha kumi iliongezewa. Watu walifanya nini? Waliziba madirisha kwa matofali. Nyumba kubwa za mijini, zilizopangishwa kwa maskini wengi, zilihesabiwa kuwa nyumba moja, hivyo wenye nyumba waliziba nafasi za hewa, na wapangaji wakakaa katika giza na unyevu. Matabibu walipiga kelele kwamba kodi hiyo inaleta maradhi. Madirisha yaliyozibwa yanaonekana bado katika miji ya nchi ile.

Basi, mkojo, ndevu na mwanga wa jua vimewahi kutozwa kodi. Asiyeamini jambo kwa sababu tu ni la ajabu angalizikana zote tatu, naye angalikosea mara tatu.

Tazameni sasa upande wa pili. Yumkini mmepata kusikia kwamba si Petro wa Urusi tu, bali hata Henri wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyejitenga na Roma, alitoza kodi ya ndevu mwaka 1535. Habari hiyo imo katika vitabu vingi vya mambo ya kuchekesha. Inafanana kabisa na ile ya Urusi: mfalme mkali, ndevu, na fedha. Hata hivyo walioitafuta katika kumbukumbu za wakati ule hawakuikuta. Hakuna amri, hakuna daftari la mapato, hakuna stakabadhi, hakuna mlalamikaji hata mmoja. Na mtu asiniambie kwamba Waingereza walitozwa ndevu zao na hakuna aliyelalamika! Hapa ndugu wawili wanaofanana sura wanatenganishwa na jambo moja tu: mmoja ana vyeti, mwingine hana.

Mfano mwingine ni ule wa Lady Godiva wa mji wa Coventry, anayesimuliwa kwamba alipanda farasi bila nguo ili mumewe awaondolee watu kodi nzito. Mama huyu alikuwepo kweli katika karne ya kumi na moja, naye pamoja na mumewe Leofric wanakumbukwa kwa kuijenga monasteri ya Wabenediktini katika mji huo. Lakini kisa cha farasi kinaonekana mara ya kwanza katika maandishi ya karne ya kumi na tatu, zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake. Zaidi ya hayo, kitabu kikuu cha hesabu za ardhi cha mwaka 1086 kinaonyesha kwamba Coventry ilikuwa mali ya Godiva mwenyewe. Alimwomba nani basi aondoe kodi katika mji wake? Shahidi anayekuja baada ya wajukuu kufa hatuna budi kumsikiliza kwa tahadhari.

Kuna na uzushi uliotungwa kwa makusudi. Tarehe 28 Desemba 1917, mwandishi wa Kimarekani H. L. Mencken alichapisha katika gazeti moja la New York historia ya bafu la kuogea katika nchi yake. Aliandika, pamoja na mengine, kwamba jimbo la Virginia liliwahi kutoza dola 30 kwa mwaka kwa kila bafu. Yote aliyabuni kichwani mwake, akidhani wasomaji watacheka wakati ule wa huzuni ya vita. Hawakucheka, waliamini. Habari ikanakiliwa katika magazeti, kisha katika vitabu. Mwaka 1926 Mencken alikiri hadharani kwamba ulikuwa mzaha wake, na hata baada ya kuungama kwake uongo huo uliendelea kutembea. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mara nyingine, wapendwa, njia hiyo ni ndefu kuliko maisha ya mwongo mwenyewe.

Mwaka 1999 barua nyingine ilisambaa Marekani, ikidai kwamba Bunge linataka kutoza senti tano kwa kila barua-pepe, ili kufidia hasara ya Posta. Ilitaja namba ya muswada, 602P, na jina la mbunge aliyeupeleka. Ilionekana rasmi sana. Lakini miswada ya Bunge la Marekani haiandikwi namba za namna hiyo, na mbunge wa jina lile hakuwepo. Pamoja na hayo, mwezi Oktoba 2000, katika mdahalo wa wagombea wa useneta jijini New York, mwendesha mdahalo aliwauliza wagombea wawili, Hillary Clinton na Rick Lazio, maoni yao juu ya muswada huo, nao wote wawili wakaupinga kwa dhati. Watu wawili wasomi, mmoja wao akiwa mbunge wakati uleule, walipinga kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Ikiwa wao walinaswa, nani atamcheka bibi yetu na kuku wake?

Wala msiseme, “Basi, kodi yoyote ya kuandikiana kwa mtandao ni uzushi.” Jirani zetu wa Uganda, kuanzia tarehe 1 Julai 2018, walitozwa shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kutumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya namna hiyo. Ilikuwa sheria kamili. Mwaka 2021 iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Kile kilichokuwa uzushi Marekani mwaka 1999 kilikuwa sheria Kampala miaka 19 baadaye. Nasi Tanzania, mwaka 2021, tulianza kulipa kodi ya majengo kwa kukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Nakumbuka wengi waliosikia mara ya kwanza walisema ni maneno ya vijiweni. Yalikuwa kweli.

Na kwa kuwa tumeanza na kuku, nisiwafiche: “kodi ya kuku” ipo duniani, na ina zaidi ya miaka sitini. Nchi za Ulaya zilipopandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, Rais Lyndon Johnson alilipiza mwezi Desemba 1963 kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya baadhi ya bidhaa za kutoka nje, yakiwemo magari madogo ya mizigo. Wamarekani wanauita ushuru huo wa magari kodi ya kuku hadi leo. Jina ni la kuku, anayelipa ni mwenye gari. Tusihukumu kodi kwa jina lake.

Ikiwa ajabu ya jambo si kipimo, kipimo ni kipi? Nadhani mifano hii imekwisha kutuonyesha. Kodi ya kweli ina mzazi, tarehe ya kuzaliwa, na alama ya nyayo zake. Mzazi ni mamlaka yenye haki ya kuiweka. Tarehe ni siku sheria ilipoanza kutumika. Nyayo ni stakabadhi, madaftari na malalamiko ya waliolipa. Vigae vya Edfu ni nyayo. Vipande vya chuma vya Urusi ni nyayo. Uzushi huwa na kelele nyingi, lakini ukitafuta nyayo zake huzioni.

Hata hivyo ningekuwa mwongo mwenyewe kama ningeishia hapo, nikiwalaumu wadogo kwa kuamini kila wanaloambiwa. Kuna kisa kimoja cha Afrika yetu ambacho kila nikisomapo kinanifunga mdomo.

Katika kusini-mashariki ya Nigeria, chini ya utawala wa Waingereza, wanaume walihesabiwa katikati ya miaka ya 1920. Walipouliza sababu, waliambiwa kuwa hesabu ile si ya kodi. Mwaka 1928 kodi ikaanza kukusanywa, kwa kufuata hesabu ileile. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba 1929, bei ya mafuta ya mawese ikiwa imeshuka, ilianza hesabu mpya, na safari hii waliandikwa wake, watoto na mifugo pia. Huko Oloko, mwalimu mmoja aliyetumwa na chifu Okugo aliingia katika ua wa mama aitwaye Nwanyeruwa, aliyekuwa akikamua mawese, akamtaka ahesabu mbuzi, kondoo na watu wake. Mama akamjibu kwa ukali, wakakamatana. Akakimbilia kwa wanawake wenzake, waliokuwa tayari katika mkutano juu ya habari hizo hizo: wanawake watatozwa kodi.

Serikali ilisema haina nia hiyo. Kwa maneno ya karatasi, basi, ile ilikuwa kodi ya uzushi. Lakini nani angewaamini? Makuti ya mitende yakatumwa kutoka kijiji hadi kijiji kama mwaliko, na wanawake kwa maelfu wakakusanyika. Walimzingira chifu kwa nyimbo hadi akavuliwa ukuu wake na kushitakiwa. Ghasia zikaenea hadi Aba na Opobo, mahakama za wenyeji na maduka ya makampuni yakashambuliwa, na mwezi Desemba askari wakafyatua risasi. Wanawake zaidi ya 50 waliuawa.

Ndugu zangu, wanawake wale walikosea? Katika neno moja, labda: amri ya kuwatoza haikuwepo. Katika mwenendo wa mambo hawakukosea, kwa sababu waliwahi kuambiwa “si ya kodi” na ikawa ya kodi. Mwongo wa kwanza hakuwa yule aliyevumisha. Mwongo wa kwanza alikuwa yule aliyehesabu na kuficha kusudi lake. Uzushi ni mbegu, na mbegu huota penye udongo. Udongo wake ni ahadi iliyovunjwa.

Nasi huku tunaujua udongo huo. Wajerumani waliweka kodi ya kibanda katika Tanganyika mwaka 1897. Katika Uganda, Mkataba wa 1900 uliweka rupia tatu kwa kila nyumba na rupia tatu kwa kila bunduki. Watu ambao hawakuwa na rupia walilazimika kuitafuta kwa kibarua cha mashamba ya wageni, nayo ilikuwa sehemu ya kusudi lenyewe. Kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Baada ya uhuru, wazee wetu wanaikumbuka kodi ya maendeleo, na jinsi wanaume walivyokimbilia vichakani mgambo walipotokea. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Mtu aliyekulia katika mambo hayo akisikia kwamba sasa ni zamu ya kuku, hastaajabu. Anasema tu, “Nilijua watafika.” Bibi yetu si mjinga. Anakumbuka.

Kanisa pia limeonja uchungu wa namna hii. Huzungushwa orodha yenye vifungu 35, inayodaiwa kuwa ya Papa Leo wa Kumi, ikitaja bei ya kusamehewa kila dhambi kana kwamba ni orodha ya dukani. Orodha hiyo ni ya kughushi. Kilichokuwepo ni ada za kuandika hati katika ofisi za Roma, kama vile leo mtu alipiavyo cheti. Lakini tuseme ukweli wote: uongo huo ungepata wapi miguu kama wahubiri wa rehema wa karne ile, akiwemo Tetzel mwaka 1517, wasingalichanganya neema ya Mungu na mfuko wa fedha? Mtaguso wa Trento ulilazimika kuifuta kabisa kazi ya wakusanyaji hao mwaka 1562. Sisi tuliutayarisha udongo, wengine wakapanda. Nasema hivi ili kila mwenye dhamana ya fedha za watu, awe wa Serikali, wa ushirika, au wa parokia hii, ajue kwamba hesabu iliyo wazi ndiyo dawa ya kwanza ya uvumi.

Sasa nirudi kwenye mambo ya kufanya, maana tafakari isiyoshuka hadi jikoni haimsaidii mama mwenye njaa.

Kwanza, uliza sheria iko wapi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 138, inasema kodi haiwezi kutozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kwa nguvu ya sheria hiyo. Katiba ya Kenya ina ulinzi kama huo katika ibara ya 210. Ujumbe wa simu si sheria. Tangazo lisilo na jina la sheria wala tarehe si sheria. Hata ushuru wa halmashauri una sheria ndogo nyuma yake, na mtendaji wako anapaswa kukuonyesha.

Pili, tenga muswada na sheria. Kwetu bajeti husomwa mwezi Juni, hujadiliwa, na mabadiliko ya kodi kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai. Kati ya siku hizo mbili mengi huongezwa na mengi hufutwa. Kumbukeni Kenya mwezi Juni 2024. Pendekezo la kutoza mkate asilimia 16 lilikuwemo kweli katika muswada wa fedha. Likaondolewa kabla ya kura ya mwisho. Kisha, baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni yaliyogharimu maisha ya vijana, Rais alikataa kuutia sahihi muswada mzima. Aliyesema mwanzoni mwa Juni, “Wanapendekeza kutoza mkate,” alisema kweli. Aliyesema mwezi Julai, “Mkate umewekewa kodi hiyo,” alisema uongo, ingawa pengine bila kujua. Neno moja, “wanapendekeza”, lilitosha kutenga kweli na uongo.

Tatu, tazama fedha inaingia mkononi mwa nani. Kodi ya kweli inalipwa kwa mamlaka, kwa namba ya malipo, na inatoa stakabadhi. Anayekuja na haraka, anayetaka fedha mkononi au katika simu yake mwenyewe, na anayekuogofya ili usiende kuuliza, huyo ni kishoka. Yohane Mbatizaji, watoza ushuru walipomwendea, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasizidishe juu ya kile walichoagizwa. Maneno hayo yana maana kwamba kuna kiasi kilichowekwa, na mtu anaweza kukijua. Zakayo alirudisha mara nne kwa sababu alijua kipimo alichokuwa amekivuka.

Nne, jiulize nani anafaidika na hofu yako. Sijui kama mchuuzi yule wa kuku aliujua ujumbe ule, wala simhukumu. Lakini bibi angejiuliza swali hilo, angelala na kuku wake usiku mmoja zaidi, na asubuhi angekuja kuniuliza kabla ya kuuza. Usiku mmoja tu ungetosha.

Mwisho, usipitishe usichokijua. Tumezoea kudhani amri ya nane inavunjwa mahakamani tu. Kumbe kidole kinachobonyeza na kutuma uongo kwa kundi zima la jumuiya kinashuhudia, na kinashuhudia uongo. Wala uzushi usitufanye tuchukie kodi halali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inatufundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri, kwa maana ndiyo njia ya kuchangia manufaa ya wote. Neno letu ushuru asili yake ni Kiarabu, nalo lilimaanisha sehemu ya kumi. Ni ndugu wa karibu wa zaka tunayoitoa hapa altareni. Anayelipa kwa haki ana haki ya kuuliza, na anayeulizwa ana wajibu wa kujibu.

Juu ya bibi yetu, viongozi wa jumuiya yake wamekaa na kuchangishana. Hadi jana jioni alikuwa na tetea watatu na jogoo mmoja. Amewapokea kwa furaha, ila alimwambia katekista kwa mzaha kwamba safari hii asiyemwonyesha karatasi ya Bunge hapati hata yai.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.